Chupa za Chai Katika Chumba cha Harusi

Tong Xiuzhi aliponzwa na mkono wake wa kulia. Mkutanoni mwenyekiti alikuwa hajamaliza kuuliza, mkono wa Xiuzhi uko juu. Nani atashika zamu ya sikukuu? Yeye. Nani atatoa damu? Yeye. Nani atakwenda kuvunja barafu kwenye bomba la uani, nje kuna baridi ya kukata masikio? Sisi wengine tunaangalia viatu vyetu, tunakohoa, tunajitia hamnazo, na mwenzetu keshasimama anafunga kitambaa kichwani. Ndivyo alivyopata yale mabango mekundu ya mfanyakazi wa mfano, akayabandika ukutani mpaka rangi ya ukuta ikawa haionekani.

Mimi ni Luan Fengqin. Nilikuwa idara ya kupaka rangi katika kiwanda kile kile cha chupa za chai, na kwenye ghorofa la kiwanda nilikaa mlango wa pili kutoka kwake. Korido moja, jiko langu la mkaa na lake yamegusana, kabichi chachu ya majira ya baridi tukiiweka kwenye mtungi mmoja. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikusimuliwa na mtu. Na mkiona nasema kwa hasira, mnisamehe, au msinisamehe, shauri yenu.

Chupa zetu zilikuwa nyekundu, za bati nje na kioo ndani, na ubavuni nimezipaka kwa mkono wangu bata wawili wanaogelea pamoja. Mkoa mzima wa Liaoning hakuna bibi harusi aliyetoka kwao bila jozi ya chupa zetu. Ukialikwa harusini unabeba jozi, mwenzako anabeba jozi, maharusi wanaanza maisha wakiwa na maji ya moto ya kuoshea kijiji. Ndiyo heshima ilivyokuwa. Na kiwanda ndicho kilikuwa baba na mama: chumba kinakupa kiwanda, mkaa kiwanda, tiketi ya kuoga kiwanda, mtoto wako anafundishwa kuandika na kiwanda. Kupanga chumba kwa mtu? Nani alikuwa na chumba cha kupangisha? Unaandika jina lako ofisini, unangoja, unazeeka.

Xiuzhi alikuwa mtunza stoo. Funguo zote za stoo zilikuwa kiunoni mwake, akitembea unamsikia kabla hujamwona. Alikaa chumba kimoja na mumewe, mzee Guan, fundi wa tanuru aliyeharibika kifua, pamoja na mtoto wao Lei, fundi umeme wa hapo hapo kiwandani. Chumba kimoja, pazia katikati. Baba akikohoa upande huu, mtoto anageuka kitandani upande ule. Na Lei hakuwa mtoto tena, alikuwa mwanamume mwenye ndevu, na alikuwa na mchumba.

Mchumba mwenyewe ni Miao Chunyan, muuza vifungo na nyuzi kwenye duka kubwa la mjini. Msichana mwembamba, mdomo wembe. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, alipokuja kusalimia akamkuta mzee Guan kavaa shati lililokatika vifungo, akamwambia, "Baba, wewe utanifilisi. Nikiolewa hapa dukani hakitabaki kitu." Mzee alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Lakini mama yake Chunyan hakuwa na mzaha. Neno lake lilikuwa moja: hakuna chumba, hakuna harusi. Binti yangu halali nyuma ya pazia akisikiliza mkwe anakohoa. Na kusema kweli, mama gani angesema vingine?

Basi mwaka wa tisini na sita, majira ya baridi yanaingia, tangazo jekundu likabandikwa getini: waliogawiwa vyumba kwenye jengo jipya. Guan Lei, ghorofa ya tatu, chumba nambari 302. Jamani! Xiuzhi alisoma, akarudi nyuma, akasoma tena, halafu akaniomba na mimi nisome kwa sauti. Jioni alinunua mguu wa nguruwe, mzee Guan akafungua pombe ya mtama aliyoiweka miaka, na Chunyan akapanda juu kwenye jengo ambalo plasta haijakauka, akalipima dirisha kwa mikono yake miwili apate kujua pazia la kununua. Harusi ikapangwa baada ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, ndio mwaka mpya wetu.

Sasa niwaambie kuhusu stoo. Chupa zilikuwa haziuzwi. Watu walikuwa wameanza kuleta chupa za chuma kutoka kusini, nyembamba, nzuri, hazivunjiki hata ukiziangusha ngazini, na wenye uwezo walinunua birika za umeme. Zetu zikibaki. Lakini tanuru la kioo halizimwi, likipoa linapasuka, na mkurugenzi wetu, Zang, hakutaka hata kusikia habari ya kupunguza. Kwa hiyo tulitengeneza. Stoo ikajaa. Tukajaza bwalo la chakula, tukawa tunakula tumesimama. Tukajaza chumba cha watoto wa chekechea, watoto wakarudishwa kwa bibi zao. Mimi napaka bata, napaka bata, bata wanakwenda kukaa gizani.

Ndipo ukaitishwa mkutano. Mkurugenzi Zang alisimama jukwaani, nywele kazilaza kwa mafuta, akasema, "Ndugu wafanyakazi, nina furaha kuwatangazia kwamba mwaka huu tena uzalishaji wetu umepanda!"

Tukapiga makofi. Nikamnong'oneza shoga yangu wa idara ya vizibo, "Umepanda wapi, mbona mshahara wa miezi miwili hatujauona?"

"Umepanda darini," akanijibu. "Kainue macho stoo uone."

Zang akaendelea. Mafanikio haya yameleta tatizo dogo, akasema, tatizo zuri, la nafasi. Jengo jipya bado halijakaliwa. Je, kati ya waliogawiwa vyumba, kuna mwenye moyo wa kukiazima kiwanda chumba chake kwa muda mfupi tu, mpaka mauzo ya sikukuu yapite?

Mkono wa Xiuzhi ulikuwa juu.

Nilimfinya paja. "Shusha huo mkono, wewe! Una wazimu?"

"Mwezi mmoja tu, Fengqin," akasema, macho ameyakazia jukwaani. "Mimi ndiye mtunza stoo. Nisipokuwa mimi, awe nani?"

Awe nani? Asiwe mtu yeyote! Wale wengine waliogawiwa vyumba walikuwa na akili zao. Mkutano ulipokwisha tu nikawaona wanakimbia na magodoro kichwani, wengine wakalala juu ya plasta mbichi wakaumwa mbavu, lakini walilala ndani. Chumba cha Lei peke yake ndicho kilichoingizwa chupa. Na aliyesimamia kuzipanga, safu juu ya safu, kutoka ukutani mpaka mlangoni, alikuwa mama yake, tena akiwafokea wabebaji wasizikwaruze.

Lei aliporudi kutoka zamu nilikuwa koridoni nakaanga mayai. Kuta zetu zilikuwa nyembamba, sikuhitaji kutega sikio.

"Mama, umewapa chumba changu?"

"Sijawapa, nimewaazima."

"Na Chunyan nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Mtu mwema anaelewa."

"Mama, aliyetakiwa kuelewa ni wewe," Lei akasema, akatoka, akapita mbele yangu bila kunisalimia. Haikuwa kawaida yake.

Chunyan alipoambiwa alikuja mwenyewe. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema, "Kwa hiyo, mama, chupa ndizo zimeolewa, mimi ni msindikizaji?" Xiuzhi akacheka, akamwekea mbegu za alizeti mkononi, akamhakikishia: mwezi mmoja. Kiwanda hakijawahi kumdhulumu. Na Chunyan, kwa kuwa alimpenda Lei, akakubali kungoja.

Sikukuu ikapita. Chupa hazikuuzwa. Harusi ikasogezwa mpaka Siku ya Wafanyakazi. Siku ya Wafanyakazi ikapita. Harusi ikasogezwa mpaka sikukuu ya taifa, Oktoba. Mama yake Chunyan akiniona sokoni alikuwa akiniuliza, kwa sauti ya kusikiwa na wauza samaki wote, "Haya, jirani, zile chupa zimeshapata mtoto?"

Wakati huo mshahara tulikuwa tunalipwa chupa. Ndiyo, chupa. Unapanga foleni dirishani unatoka na chupa zimefungwa kamba, unazibeba begani mpaka barabara kuu ukauze mwenyewe. Mstari mzima wa wake kwa waume, kila mtu na chupa zake nyekundu, na anayepita ni nani? Mwenzako anakwenda kuuza zake. Mkulima mmoja alisimamisha mkokoteni wake akatutazama, akauliza, "Nyie wote mnaoa leo?" Tulimtukana. Baadaye tulicheka, kisha nikaona shoga yangu wa vizibo hacheki, analia, kwa sababu mtoto wake alikuwa anataka maziwa.

Na siku zile zile, getini, wilaya ilituletea bango la hariri. Kiwanda bora kwa ukuaji.

Ndipo Xiuzhi aliponiomba nimsindikize kwa Mkurugenzi Zang. Alivaa koti lake la kwendea mikutanoni, akachana nywele kwa maji. Nilifurahi. Nikajisemea, leo atasema, leo mwanamke huyu atasema.

Zang alitupokea vizuri mno. Alitukaribisha viti, akatumiminia chai, na nikaiangalia ile chupa aliyomiminia. Ilikuwa ya chuma. Kutoka kusini. Nikamgusa Xiuzhi kwa kiwiko, akajifanya hakuiona.

"Mkurugenzi," akaanza, "mwanangu amengoja karibu mwaka. Niruhusu niuondoe ule mzigo chumbani. Nimezungumza na wakulima, wako tayari kuzichukua kwa nusu bei."

"Nusu bei!" Zang akaweka kikombe chini. "Dada Tong, wewe ni mtunza stoo, acha nikueleze kitu ambacho watu wa nje hawakielewi. Chupa ikitoka tanurini ikaingia stoo, imezalishwa au haijazalishwa?"

"Imezalishwa."

"Basi imeshahesabiwa. Kiwanda kimezalisha, wilaya imezalisha, nchi imezalisha. Mnunuzi asipotokea, si neno. Kwenye hesabu za taifa inachukuliwa kwamba kiwanda kimejinunulia chenyewe na kujiwekea akiba."

Nikashindwa kujizuia. "Kimejinunulia kwa pesa gani, Mkurugenzi? Mbona sisi hakitununulii hata unga?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu, Fengqin." Hakunigeukia. "Sasa, dada Tong, tukiziuza mwaka huu, mnunuzi anapata chupa, stoo inapoteza chupa. Moja inaongezeka, moja inapungua, hatujapanda hata kidogo, kwa sababu zilihesabiwa mwaka zilipotengenezwa. Tukiziuza nusu bei, thamani iliyotoka stoo ni kubwa kuliko iliyoingia, tunashuka. Tukizivunja tukazitupa, tunashuka zaidi. Na wilaya inangoja takwimu ya mwaka. Unataka kiwanda chako kiwe ndicho kilichoishusha wilaya?"

"Na zikikaa?"

"Zikikaa hazimdhuru mtu."

Xiuzhi akasugua kidole gumba kwenye ukingo wa kikombe. Halafu akauliza, taratibu kabisa, "Na mwanangu je, Mkurugenzi? Yeye akikaa?"

Hapo ndipo Zang alipompaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasimama, akamshika bega, akasema kiwanda kingekuwa na watu watatu wenye moyo kama wake kingeshinda vya kusini vyote. Akaahidi kwamba hesabu za mwaka zikifungwa tu, chumba cha kwanza kufunguliwa kitakuwa cha Lei. "Neno langu, dada Tong." Na yeye akashukuru! Akainama akashukuru, tukatoka.

Ngazini niliwaka. "Dada Xiuzhi, ufunguo uko kiunoni mwako. Kesho mchana, jua linawaka, mimi na wanawake wote wa idara ya rangi tunapanda ghorofa ya tatu, tunazitoa, tunaziweka uani. Waje watukamate!"

"Nimezitilia saini. Ni mali ya umma."

"Umma ni nani? Si wewe na mimi? Kuna umma mwingine nisioujua mimi?"

"Fengqin, ukizitoa na mvua ikazinyeshea, nitajibu nini?"

"Hutajibu kitu! Utamwoza mwanao!"

Tulitembea mpaka nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara. Jioni aliniletea sahani ya jiaozi, zile sambusa zetu za kuchemsha, akaiweka mlangoni pangu, akaondoka bila kubisha hodi. Nilizila, lakini nilikuwa bado nina hasira.

Vuli ile Chunyan alikuja siku yake ya mapumziko akasema, "Mama, nataka nikione chumba." Lei alikuwa kazini. Xiuzhi akanitazama mimi nikamwambia twende. Tukapanda. Kwenye korido ya ghorofa ya tatu watu walikuwa wameshazoea maisha, nguo za watoto zimeanikwa, mtu anakaanga vitunguu, redio inaimba. Xiuzhi akafungua 302.

Mlango uliingia robo tu ukakwama. Ndani kulikuwa na chupa, kuanzia sakafuni hadi darini, na dirisha lile alilolipima msichana lilikuwa halionekani, mwanga ulikuwa unapenya kwenye nyufa kati ya chupa na chupa. Chunyan akajaribu kuingia kiupande, bega likaingia, kifua kikakataa. Akaanza kucheka. Akacheka akiwa amebanwa pale, sijui alikuwa anacheka nini, na alipotoka uso wake ulikuwa umelowa.

"Mama," akasema, "ningekaa na wewe nyuma ya pazia, haki ya nani ningekaa. Ila mama yangu anazeeka, na mimi nazeeka, na kule dukani wananiita mke wa stoo. Nakuomba kitu kimoja. Tuzitoe. Sasa hivi. Nitabeba mwenyewe, zote, sitataka hata glasi ya maji."

Majirani walikuwa wametoka milangoni. Mwanamume mmoja akasema atasaidia, mwingine akaanza kukunja mikono ya shati. Nilishika chupa mbili za karibu na mlango. Nilikuwa nimeshazivuta.

"Ziweke, Fengqin," Xiuzhi akasema.

"Dada!"

"Ziweke. Hesabu zinafungwa mwisho wa mwaka. Mkurugenzi ameahidi. Tumengoja sana, mwanangu, tusiharibu mwishoni." Huyo mwanangu alikuwa anamwambia Chunyan, na ufunguo ameshikilia kwa mikono miwili.

Chunyan akamgeukia. "Mama, unamwamini Mkurugenzi kuliko unavyompenda Lei?"

Nilizirudisha zile chupa mbili mahali pake, Xiuzhi akafunga mlango, akakijaribu kitasa kama kawaida yake. Naapa nilitamani kumpiga. Mtu niliyempenda kuliko dada yangu wa tumbo moja, na nilitamani kumpiga mbele za watu.

Mwaka ukafungwa. Takwimu zikapanda, na Mkurugenzi Zang akapanda nazo. Aliitwa ofisi ya mji, akaondoka na ua la karatasi kifuani, ngoma zinapigwa, sisi tumepangwa barabarani tunapiga makofi. Alimpungia Xiuzhi mkono. Chumba hakikufunguliwa.

Halafu ikaja amri kutoka juu, na hii haikuwa ya kiwanda chetu peke yake, ilikuwa ya nchi nzima. Kugawa vyumba kumekwisha. Kila anayekaa kwenye chumba cha kiwanda akinunue, kwa bei nafuu, kiwe chake na wanawe. Kuanzia sasa atakayetaka chumba akatafute sokoni kwa pesa yake. Orodha ikabandikwa getini: chumba, mkazi, chumba, mkazi. Wale wenye magodoro walinunua kwa bei ya baiskeli mbili tatu. Tulipofika kwenye 302 hapakuwa na jina la mtu. Paliandikwa: stoo.

Xiuzhi alikwenda ofisini, safari hii peke yake, akanisimulia baadaye. Mkurugenzi mpya alikuwa kijana, hakuwa mbaya, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza, "Mama, kuna mtu amewahi kulala mle ndani hata siku moja?"

"Hapana. Lakini ni cha mwanangu. Jina lake lilibandikwa getini."

"Amri inasema mkazi. Stoo haina mkazi. Ningekuandikia jina lake ningekuwa nauza mali ya kiwanda kwa mtu asiyekaa humo, wangenifunga."

"Nani aliyeandika ni stoo?"

Kijana akageuza karatasi. "Mtunza stoo, mama. Ni saini yako."

Alipofika hapo katika kunisimulia aliinama akaanza kuchochea mkaa ambao ulikuwa umeshawaka vizuri. Yale yote niliyoyapanga kumwambia siku akijua yalinitoka kichwani.

Chunyan aliolewa kabla ya majira ya joto, na fundi wa reli mwenye vyumba viwili. Simlaumu, na Xiuzhi mwenyewe hakumlaumu, alimpelekea shuka. Lei hakwenda. Wiki ile ile alifunga begi akapanda treni ya kusini, Guangdong, akaajiriwa kwenye kiwanda cha watu fulani cha feni. Alimwambia baba yake kwaheri kwa mkono. Kwa mama yake alisema, "Haya." Neno moja tu hilo, haya, na mama yake akasimama kwenye lango la stesheni na mkate wa mvuke alioufunga kwenye taulo, ambao Lei alisahau kuupokea, au hakutaka.

Kiwanda kilikufa mwaka uliofuata. Tanuru lilipozimwa mzee Guan alikwenda kuangalia, akarudi akalala mchana kutwa ameupa ukuta uso. Benki ikachukua majengo, mashine, stoo, na kila kilichoandikwa stoo. Wakaleta vijana wa kusafisha wapate kuuza, wakamtafuta Xiuzhi awafungulie, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua ufunguo upi wa mlango upi. Walimlipa kibarua cha siku. Nilikwenda naye.

Walizirusha dirishani. Hawakuhangaika hata na ngazi; walivunja safu za mbele, wakafika dirishani, wakalifungua, wakawa wanazirusha uani. Chupa ya chai ikianguka kutoka ghorofa ya tatu inalia kama baruti, na zililia asubuhi nzima, mpaka watoto wakaja kuangalia wakidhani ni fataki za harusi. Uani pakawa panameta vigae vya kioo cha fedha na bati jekundu. Kila nilipotazama niliona bata wangu.

Ilichukua asubuhi moja tu. Saa ya chakula cha mchana chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, jua limeingia mpaka mlangoni. Xiuzhi aliingia ndani akasimama katikati. Akatembea mpaka ukuta wa huku, akarudi mpaka ukuta wa kule.

"Kitanda hapa," akasema. "Kabati pale. Na cha mtoto kingeenea."

Yule bwana wa benki alikuwa mlangoni na kufuli jipya. Xiuzhi akamgeukia. "Mwanangu, hizi zilizovunjwa leo, zitaondolewa kwenye ile hesabu ya mkurugenzi wetu?"

"Hesabu ipi, mama?"

"Ya ukuaji. Alisema zikivunjwa tunashuka."

Bwana yule akafikiri kidogo, alikuwa mtu wa adabu. "Kiwanda hakipo, mama, kitashukaje? Na mwaka ule ulishafungwa. Kilichoandikwa kimeandikwa."

"Kwa hiyo mpaka leo tumepanda?"

"Kwenye karatasi ya mwaka ule, ndiyo, mlipanda."

Xiuzhi akamkabidhi ufunguo. Tukashuka, tukapita pembeni ya vile vigae, na badala ya kwenda nyumbani akanivuta mpaka dukani kwenye simu ya kulipia. Alikuwa na nambari ya Lei kwenye kipande cha karatasi, nambari ya bweni la kiwanda, na ilibidi mtu akamwite, tukangoja. Aliposikia sauti yake alinyooka kama yuko mkutanoni.

"Lei? Ni mama. Chumba kimetolewa vitu. Ni kikubwa, mwanangu, kikubwa kuliko tulivyodhani. Jua linaingia mpaka mlangoni."

Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia kelele za bweni, watu wanaitana kwa lugha ya kusini. Kisha Lei akasema, bila ukali, kama mtu aliyechoka baada ya zamu, "Mama, usinipigie tena kunieleza habari za chumba."

"Haya," Xiuzhi akasema. Akaweka simu chini kwa uangalifu, akalipa kwa pesa za kile kibarua, akahesabiwa chenji.